Maji ya Mkwe

Hospitali ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Madaktari wa moyo walikuwapo, wamekuja na mashine zao katika masanduku ya bati, wakapewa nyumba nzuri upande wa bustani. Taa za chumba cha upasuaji zilikuwa zinawaka. Bango la kuwakaribisha lilifungwa getini kwa kamba mpya. Lakini maji ya dripu, yale ya kutundikwa juu yakashuka polepole kwenye mshipa, hayakuwapo. Stoo ilikuwa tupu. Stoo ile ile iliyofunguliwa mwaka ule kwa utepe na ngoma, watoto wa shule wakasimamishwa juani tangu asubuhi ili waimbe, na mkubwa mmoja akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mgonjwa wa Tororo atakayeambiwa akajinunulie. Watu husahau. Wengine tunakumbuka hata rangi ya utepe: ulikuwa wa njano.

Basi Ofwono akaambiwa akajinunulie.

"Mzee, nisikilize vizuri," alisema Daktari Sandra, mwenye kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi na kuchagua maji yatakayoingia mwilini mwao wakiwa hawajijui. Alikuwa binti wa Molo, hapa hapa Tororo, mfupi, mwenye haraka. "Leta chupa sita za maji ya mchanganyiko. Siyo ya sukari. Umesikia?"

"Nasikia, daktari. Sukari hapana."

"Ya chumvi tupu pia sitaki."

"Chumvi pia hapana." Ofwono akafikiri kidogo. "Sasa hiyo maji itakuwa na utamu gani?"

"Hatayanywa, mzee! Yanaingia kwenye damu. Nataka yanayofanana na damu yenyewe. Ya sukari, mwili ukishaila ile sukari yanabaki maji matupu, yanavujia huku na huku mpaka mapafuni. Na mke wako mapafu yake tayari yamelowa. Yule mlango wa moyo wake umekaza. Umewahi kuona watu wa soko wakitoka wote kwa geti moja dogo?"

"Wanakanyagana."

"Ndiyo hivyo. Hata ya mchanganyiko nitayapima tone kwa tone. Zamu yake ni kesho kutwa asubuhi. Maji yasipofika, nampa zamu mwingine, na hawa madaktari wanaondoka Ijumaa."

Ofwono alirudi wodini kumuaga mke wake. Aboth alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, kama alivyolala kwa miaka miwili kule nyumbani Iyolwa. Akijinyoosha tu, pumzi ilikatika. Kisimani alikuwa haendi tena, na shamba alikuwa analilima kwa mdomo, amekaa mlangoni akiwaelekeza wengine.

"Nakwenda kuleta maji," Ofwono akasema.

"Kisimani?"

"Dukani."

"Uyarudie mdomoni njiani yote," Aboth akamwambia, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Mara ile nilikutuma chumvi ukaleta kiberiti."

"Na kiberiti haikuwaka?"

Aboth akacheka, kisha akashika kifua. Kwa hiyo Ofwono akaondoka haraka, ili asije akamchekesha tena.

Maduka yote ya dawa ya Tororo yalikuwa yameishiwa. Habari zilishaenea kwamba madaktari wa moyo wanataka maji ya mchanganyiko, na sisi watu wa hapa kitu kikitakiwa na madaktari wageni kila mtu anakitaka. Mwenye moyo alinunua, mwenye homa alinunua, na yupo aliyeng'olewa jino akanunua chupa mbili kwa tahadhari. Ilibaki Busia, akaenda kesho yake asubuhi.

*

Busia ndiko alikoolewa binti yao Patricia, na huko lazima upite kwanza kwa Zubaida, mama mkwe wake Patricia. Zubaida aliuza vitenge karibu na mpaka. Sauti yake ilikuwa inavuka kwenda Kenya yeye mwenyewe akiwa bado amekaa Uganda. Kwa watu wa Ofwono, mkwe ni mtu wa heshima nzito: hapingwi mbele za watu, hakataliwi zawadi, hagusiki hata kwa mkono. Anayevunja hayo hulipa mbuzi. Zubaida alikuwa Mwislamu wa mjini, babu zake walitoka kwingine kabisa, lakini mila hizo za wakwe zake alizisoma zote akazihifadhi, hasa zile zenye mbuzi.

"Mkwe anapasuliwa kifua halafu mimi nisikie kwa Patricia?" alifoka, huku akifunga duka. "Weka pesa yako. Hayo maji nanunua mimi. Patricia! Beba kikapu. Twende kwa Wesonga."

Wesonga alikuwa na duka la dawa upande wa Kenya, lenye vioo na feni. Aliwapokea kwa tabasamu.

"Karibu, mama. Leo ni nini?"

"Maji ya moyo."

"Ya moyo hatuna, mama. Iko ya chumvi, iko ya sukari, na iko ya mchanganyiko." Akapanga chupa tatu juu ya kioo. Zote zilionekana maji tu.

Zubaida alizichukua moja moja akaziinua kwenye mwanga, kama anavyoinua kitenge kuona kama rangi imepenya mpaka nyuma. Alibonyeza. Alitikisa. Moja aliinusa kwenye kifuniko.

"Ya chumvi toa. Chumvi wanalambishwa ng'ombe. Hii ya mchanganyiko imechanganywa na nini?"

"Vitu vitu tu, mama. Chumvi kiasi, na madini mengine."

"Vitu vitu! Nimpelekee mkwe wangu vitu vitu? Kama ni mboga?"

"Mkwe," Ofwono alisema, akitazama sakafu, "ile daktari anasema..."

"Na hii?"

"Hiyo ni sukari. Asilimia kumi. Hiyo ndiyo kali."

"Sasa umeanza kuongea. Mtu anaumwa miaka miwili, nguvu atatoa wapi bila sukari?" Akamgeukia Ofwono. "Ulikuwa unasema, mkwe. Daktari alisema nini?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri dawa ya kikohozi wakageuka wasikilize. Patricia alikuwa nyuma ya mama mkwe wake, macho kwenye kikapu. Zubaida alishafungua fundo la leso yake na noti zilikuwa zimetokeza kichwa.

"Anasema... anasema tulete sita."

"Sita basi! Za sukari."

"Mzee, uko sure?" Wesonga aliuliza. "Daktari alitaka gani hasa?"

Ofwono alitazama chupa ya mchanganyiko jinsi mtu anavyomtazama ndugu yake ng'ambo ya mto uliofurika. "Ile mkwe anachagua," alisema.

Wesonga akafunga sita za sukari. Alijua kuna jambo, lakini kazi yake ni kuuza, na noti za Zubaida zilikuwa halali.

Ofwono alikuwa na mpango. Atashuka kituo cha kwanza, arudi kwa miguu, anunue yale yenyewe kwa pesa yake ya kuuza kuku, na mkwe asijue maisha yake yote. Mpango ulikuwa mzuri, ila Zubaida alimwita mpangaji wake mwenye gari dogo, akamweka Ofwono kiti cha mbele na katoni mapajani, akainama dirishani. "Umshushe mlango wa wodi," alimwambia dereva. "Hapa katikati asishuke. Mkwe wangu ana aibu, anaweza kusema anashuka ili akupunguzie mafuta."

*

Daktari Sandra alifungua katoni, akatoa chupa, akasoma, akairudisha, akatoa nyingine, akasoma.

"Mzee Ofwono. Nilikwambia nini?"

"Unasema sukari hapana."

"Na hii ni nini?"

"Sukari."

"Sasa?"

Ofwono alikohoa. "Mkwe," alisema.

Sandra alifumba macho. Angekuwa ametoka mbali angedai maelezo marefu, lakini alizaliwa Molo, na neno hilo moja lilimtosha kabisa. Hata yeye nyumbani ana redio mbaya iliyoletwa na mkwe ambayo mama yake huiwasha kila Jumapili ikatoa mlio tu.

"Pole," alisema. "Lakini mkwe siwezi kumtundika. Nikimwekea mama haya maji, nitamzamisha kitandani na mimi nimesimama hapo. Una mpaka kesho saa mbili asubuhi. Yupo mama mwingine anasubiri zamu hiyo hiyo."

Ofwono aliweka katoni kichwani akatoka barazani. Gari la dereva lilishaondoka. Jua lilikuwa bado liko juu, na baraza lilijaa walezi wa wagonjwa na masufuria yao, na chupa zao. Mbele yao Bwana Luke, mwenyekiti wa kamati ya hospitali, mwenye tai, alikuwa akiwahutubia.

"Nawapongeza wananchi," Luke alikuwa anasema, "kwa moyo wa kuchangia. Kila familia imeleta maji yake. Hii ndiyo maendeleo shirikishi!"

"Na stoo inashiriki nini?" mwanamke mmoja akauliza kutoka sakafuni.

"Stoo iko kwenye mchakato."

"Mchakato wa mwaka gani? Maana mimi niliimba siku ya kuifungua, nikiwa darasa la nne. Nilizimia kwa jua. Sasa mtoto wangu amelazwa hapa."

Watu wakacheka. Luke akatazama simu yake, ambayo haikulia, akaenda kuipokea mbali.

Mwanamke huyo aliitwa Phiona, wa Buhehe. Miguuni pake alikuwa na chupa tatu, na Ofwono alizitazama mpaka akaona aibu. Zilikuwa za mchanganyiko.

"Dada," alisema, "hiyo maji ni ya moyo?"

"Ya moyo wapi? Mtoto wangu ana malaria kali, sukari imeshuka mwilini, haamki vizuri. Muuza duka ameniambia hii ndiyo wanatumia madaktari wageni, ndiyo ya hali ya juu. Nimeuza godoro nikanunua. Sasa nesi ananiambia anataka ya sukari. Ya sukari! Nikaitoe wapi saa hizi?"

Ofwono alishusha katoni kichwani polepole sana, kama mtu aliyebeba mayai.

Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote aliuza mahindi kwa bei aliyotajiwa na mnunuzi. Hakuwahi kusema ongeza. Lakini alipoona Phiona anazikumbatia zile chupa tatu za sukari alizompa badala ya zake na kukimbia nazo wodi ya watoto bila hata kusema asante, kitu kilifunguka ndani yake. Akasimama katikati ya baraza, akainua chupa ya nne juu.

"Sukari! Iko sukari ya Kenya, asilimia kumi!" akaita, kwa sauti ambayo hata Busia ingesikika. "Nataka mchanganyiko! Chupa kwa chupa! Nani ananunua maji ya moyo na hana moyo?"

Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa alisema anayo mbili, ila kwa nini abadilishe, zake ni za hali ya juu.

"Wewe mguu yako inapiga mapigo?" Ofwono akamuuliza.

"Hapana."

"Sasa hali ya juu ya nini? Mguu iko chini."

Baraza lote likacheka, na mzee akatoa zote mbili, akachukua mbili za sukari ampelekee mjukuu wa jirani yake wa kitanda. Ya sita ilitoka kwa yule wa jino. Jua lilipotua, Ofwono aliingia kwa Daktari Sandra na chupa sita, kila moja na alama ya mafuta ya masufuria tofauti. Sandra alizikagua tarehe na mihuri, akazifuta, akazipanga.

"Na zile za mkwe?" aliuliza.

"Inatembea huko wodini," alisema Ofwono.

*

Aboth alipasuliwa asubuhi iliyofuata. Mlango wa moyo ukafunguliwa, na Sandra akakaa kichwani pake akipima maji kama mtu anayepima dhahabu. Walipomrudisha wodini alikuwa na bomba hapa na pale na kiu isiyosemeka. Alikatazwa maji ya kunywa isipokuwa kijiko. Dripu ilidondoka: tone, kimya kirefu, tone.

"Yanayozidi yatakwenda mapafuni," Sandra alimwambia Ofwono. "Kile kigurudumu kwenye mrija mtu asikiguse. Hata waziri. Ukiona mtu anakigusa, mzuie, halafu uniite."

Ofwono akakaa chini ya chupa na kuilinda.

Zubaida alifika saa ya kuona wagonjwa, amevaa gauni la Idi, Patricia nyuma yake na kikapu. Wodi nzima iligeuka.

"Mashallah! Mkwe! Amelala!" alisema. "Amelala chali kama mtu!"

Ni kweli. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili Aboth alikuwa amelala, mgongo umegusa godoro. Ofwono hakuwa ameliona hilo. Alikuwa anaangalia chupa tu.

"Karibu, mkwe," Aboth alinong'ona. Midomo ilikuwa imekauka, ila heshima haikumtoka. "Maji yako... ni mazuri sana. Asante."

Ofwono alitazama dirishani.

Zubaida aliangalia juu kwa fahari. Kisha akaangalia lile tone. Akalisubiri. Akalisubiri tena. "Na hii ni nini?" alisema. "Mimi nalipa maji kali, wao wananidondoshea kama bomba ya mtaa wetu? Mtu midomo imekauka hivi! Hawa wanabania ili ibaki wauze." Akapanda kwenye stuli. Mkono wake, wenye hina na bangili tatu, ulikwenda moja kwa moja kwenye kigurudumu.

"Mkwe, hapana," alisema Ofwono.

"Kidogo tu. Aisikie sukari."

Ofwono alimshika mkono.

Alimshika kwelikweli, juu ya bangili, akakaza. Patricia aliachia kikapu. Wagonjwa wawili waliokuwa wamelala waliketi. Mama mmoja wa Iyolwa kitanda cha mwisho alisema, "Uwii," halafu akafunika mdomo kwa shuka. Zubaida alitazama mkono wa mkwe wake juu ya mkono wake, akamtazama usoni, kisha mkono tena.

"Ofwono," alisema. Hakumwita mkwe. "Umenishika."

"Nimekushika." Hakuachia. "Nalipa mbuzi. Lakini hiyo kitu hafungui mtu. Ikikimbia, inamzamisha. Moyo bado mgonjwa, inaweza tu kidogo kidogo. Na mkwe..." Akaielekezea chupa kidevu. "Hiyo maji si yako."

"Si yangu?"

"Yako ni sukari. Daktari alikataza sukari, tangu mwanzo. Mimi nilishindwa kukwambia, pale dukani, mbele ya watu. Kwa ile heshima, nilikuwa namuua Aboth."

Zubaida alishuka kwenye stuli, akatafuta kiatu kwa mguu.

"Maji yangu uliyatupa?"

"Hapana! Iko wodi ya watoto. Mtoto wa mama wa Buhehe. Nilibadilishana."

Zubaida alitoka bila kusema neno, na Zubaida asiyesema neno ni jambo ambalo Patricia hakuwahi kuliona tangu aolewe. Alivuka ua, akaingia wodi ya watoto. Kwa mbali wakamwona kupitia wavu wa dirisha. Alisimama mbele ya kitanda kimoja. Mtoto alikuwa ameketi, shavu limejaa ndizi. Chupa ya mwisho, tupu, ilikuwa bado imetundikwa, na Phiona alikuwa akiongea, akionyesha chupa, akionyesha mtoto, akitaka kupiga magoti, na Zubaida akimzuia.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imepona.

"Yule mtoto amekula ndizi mbili," alitangaza kwa wodi nzima. "Mbili! Niliwaambia ile ndiyo kali."

"Ni kali, mkwe," alisema Ofwono.

"Wewe nyamaza. Mbuzi yangu iko palepale."

"Naleta Jumapili."

"Wewe? Wewe siitaki kwako. Wewe una mikono ya ovyo." Akamwinamia Aboth, asimguse. "Mbuzi ataleta huyu. Mwenyewe. Hapana kuletwa mlangoni na boda, wala na gari la mpangaji wangu. Kwenye mashamba ya mwisho kabla ya kuingia mjini, pale kwenye mteremko, ashuke, aivute mbuzi kwa miguu mpaka mlangoni kwangu. Ndiyo faini."

Aboth alianza kucheka, akakamata mto akaukumbatia kifuani, machozi yakimtoka. "Mkwe, acha... nyuzi zitakatika..."

Ofwono alishika mrija. Tone lilidondoka kama kawaida.

*

Mvua zilipoisha, mahindi yakiwa yamevunwa, Zubaida alikuwa amekaa mbele ya vitenge vyake akibishana na mteja aliposikia mbuzi. Hakuinuka. Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena, huku shingo ikimrefuka.

Aboth alikuwa anakuja kutoka mteremkoni. Alikuwa amefunga kitambaa kipya, na kamba ameizungusha mkononi. Ofwono alifuata nyuma, mbali, mikono yote miwili nyuma ya mgongo ili kila mtu aione kwamba haigusi kitu. Stoo ya hospitali siku hiyo ilikuwa bado kwenye mchakato.

Zubaida aliizunguka mbuzi, akaibonyeza mbavu, akainua mdomo wake aone meno.

"Nyembamba," alisema.

"Imetembea," alisema Aboth.

"Na wewe?"

"Na mimi nimetembea."

"Ulipumzika wapi?"

Aboth aliangalia nyuma, kwenye mteremko wote ule, kama mtu anayetafuta mahali alipodondosha kitu.

"Mbuzi ndiyo ilitaka kupumzika," alisema.